Mhariri Nisiyemjua: Nimwamini kwa Lipi?

Swali: Kwa nini mtu nisiyemjua, aliyeketi kwenye chumba cha habari, aniamulie kipi nisome na kipi nisisome? Zamani tulivumilia kwa sababu mtambo wa kuchapa ulikuwa mikononi mwake. Leo kila mwenye simu anarusha tukio moja kwa moja. Tukimwondoa mhariri, kila mtu akajipimia mwenyewe, tutapoteza nini? Na kama bado anahitajika, nitamtambuaje anayechuja kwa haki na anayetufumba macho?

Jibu: Kuhusu ukubwa wa mamlaka yake uko sahihi, na wenye kazi yenyewe hawapendi kulikiri hilo. Februari 1949 mtafiti wa Marekani, David Manning White, alimwomba mhariri mmoja wa gazeti la kawaida atunze kwa wiki nzima kila habari ya mashirika ya habari aliyoikataa, na aandike sababu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Habari zilizopita zilikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya zote zilizomfikia mezani. Sababu nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: nafasi imejaa, habari imechelewa, nyingine kama hii tumeshaitumia. Lakini nyingine zilitoka moyoni mwake: hii ni propaganda, ile haimpendezi. Wasomaji wake hawakujua lolote.

Watafiti humwita mtu anayechuja hivi mlinda lango, na jina hilo lilianzia kwenye chakula. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa akichunguza chakula kinavyofika mezani kwa familia. Akaona kwamba kila njia, iwe ya dukani au ya bustanini, ina mahali ambapo mtu mmoja anaamua kipite au kisipite, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mama wa nyumbani. White akalihamishia wazo hilo kwenye habari, akambatiza yule mhariri jina la Bwana Lango.

Sasa, tukimwondoa Bwana Lango? Jaribio limeshafanyika, tena hadharani. Mwishoni mwa Agosti 2016 Facebook iliwaondoa watu waliokuwa wakisimamia orodha yake ya habari zinazovuma, baada ya malalamiko kwamba wanaubania mrengo mmoja wa kisiasa. Kazi ikaachiwa mashine. Siku chache tu baadaye, kileleni mwa orodha ikakaa habari ya uongo kwamba mtangazaji maarufu wa televisheni amefukuzwa kazi. Mashine haikuharibika. Iliulizwa watu wanazungumzia nini, ikajibu swali ililoulizwa.

Kwa hiyo unapofungua simu, lango bado lipo. Kilichobadilika ni bawabu. Mhariri huchuja kwanza ndipo atoe. Mtandao wa kijamii hutoa kwanza ndipo uchuje, na kipimo chake kikubwa ni nani atabonyeza, atatoa maoni na atasambaza. Bawabu huyu hana jina chini ya habari, hana namba ya kupigiwa, wala hachapishi masahihisho. Na simu inayorusha moja kwa moja ina upungufu wake: inaonyesha kilicho mbele ya kamera, haionyeshi dakika tano kabla kulikuwa na nini. Ikishasambazwa mara ya pili hata tarehe na mahali hupotea. Nyingi ya video zinazopotosha wala hazikutengenezwa. Ni za kweli, ila za mwaka mwingine na za nchi nyingine.

Ili ujue unachokipoteza, lazima uone mhariri anafanya nini hasa na sentensi moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Saa kumi na moja jioni ripota analeta aya hii:

"Wanafunzi saba wamefariki dunia na makumi wamelazwa baada ya kula chakula chenye sumu katika shule moja ya bweni."

Ni sentensi safi, inasomeka vizuri, na ina mashimo manne. Saba: nani kahesabu? Ripota anasema ni mwalimu. Mhariri anamtaka apige simu hospitali, na daktari mkuu anasema amepokea miili mitano. Wawili wengine huenda wako hospitali nyingine, huenda wako mahututi, huenda mwalimu alihesabu kwa hofu. Kwa hiyo inaandikwa tano, na inatajwa aliyehesabu. Makumi: ishirini au tisini? Kama hakuna anayejua, neno linatoka. "Baada ya kula": hapa msomaji hasikii mfuatano wa saa, anasikia sababu. Je, wote walikula? Wapo walioumwa ambao hawakula? Na "chenye sumu" ndilo shimo lenye kina kuliko yote, kwa kuwa hilo ni jibu la maabara, na maabara bado haijapokea hata sampuli. Zaidi ya hapo, neno hilo peke yake linambebesha mpishi mauaji kabla hajaulizwa swali lolote.

Aya inatoka hivi:

"Wanafunzi watano wamefariki dunia na wengine wanatibiwa baada ya kuugua ghafla katika shule moja ya bweni, kwa mujibu wa daktari mkuu wa hospitali walikopelekwa. Chanzo cha ugonjwa hakijajulikana. Sampuli za chakula na maji zimechukuliwa kwa uchunguzi."

Kisha mhariri anauliza mambo ambayo msomaji hatayaona kabisa. Uongozi wa shule umetafutwa, na kwa njia gani? Ndugu wa marehemu wameshaarifiwa, au watayajua majina kupitia kwetu? Ile picha ya mpishi akiingizwa kwenye gari la polisi amekamatwa, au anapelekwa kuhojiwa kama wafanyakazi wengine wote? Kazi hii inaweza kula nusu saa, na katika nusu saa hiyo wengine wameshaandika saba, wameandika sumu, na wameshavuna wasomaji. Maabara ikija kusema tatizo lilikuwa maji ya kisima, aliyesubiri hana cha kufuta. Msomaji naye hana namna ya kujua kwamba alikingwa, na ndiyo maana uhariri mzuri haupati shukrani: matunda yake ni vitu ambavyo havikutokea.

Kiswahili chetu kina urahisi wa hatari hapa, nao ni vile vitenzi visivyo na mwenyewe. Inadaiwa, inasemekana, imeelezwa, imebainika. Inasemekana na nani? Imebainika kwa nani, na kwa ushahidi upi? "Imebainika" ndilo baya zaidi katika kundi hilo, kwa sababu linavaa joho la uthibitisho na mthibitishaji hayupo. "Inadaiwa" lina matumizi yake halali, hasa mahakamani, mradi mwenye dai atajwe sentensi hiyohiyo au inayofuata. "Chanzo cha kuaminika" nacho hakikusaidii, maana kuaminika kwake ndilo jambo ulilotaka kulipima mwenyewe. Linganisha na hili: "ofisa aliyehudhuria kikao hicho, ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa kuwa haruhusiwi kuzungumza na vyombo vya habari." Jina limefichwa vilevile, lakini umeambiwa amejuaje na kwa nini anajificha. Katika chumba cha habari kinachojiheshimu, walau mhariri mmoja zaidi ya ripota anamjua mtu huyo kwa jina, na haruhusiwi kujificha ili amtukane mwingine. Anajificha ili atoe jambo analolijua, basi.

Utasikia pia kanuni ya vyanzo viwili, kwamba jambo lisichapishwe mpaka vyanzo viwili vilithibitishe. Ni kanuni nzuri inayoeleweka vibaya, kwa sababu watu huifanya hesabu ya vichwa. Tarehe 2 Januari 2006 mlipuko uliwanasa wachimbaji 13 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, Marekani. Karibu na usiku wa manane wa kuamkia tarehe 4 zikaja habari kwamba 12 wako hai. Ndugu wakathibitisha wakilia kwa furaha, kengele za kanisa zikalia, gavana naye akaunga mkono, na magazeti yakaingia mitamboni na vichwa vya habari vya muujiza. Takriban saa tatu baadaye ukweli ukatoka: 12 walikuwa wamekufa, mmoja ndiye aliyekuwa hai. Ukihesabu vyanzo, vilikuwa vingi kupita kiasi. Ukivifuata hadi mwanzo, vyote vilikuwa kimoja: ujumbe wa waokoaji waliokuwa chini ya ardhi wamevaa vinyago, uliopokezwa kutoka mtu hadi mtu, ukasikika vibaya kwenye kituo cha uongozi, na waliousikia wakaanza kupiga simu.

Swali la kumuuliza kila chanzo, basi, ni "umejuaje?" Wakijibu wote "nimeambiwa na fulani", una chanzo kimoja chenye sauti nyingi. Jambo hilohilo linatokea kila siku mitandaoni, tovuti nane zikinukuu ya tisa, na msomaji anasema "nimeiona kila mahali."

Lango pia hufeli kwa sababu ambayo haihusiani na haraka. Hufeli pale linapomwamini mwenzake. Septemba 1980 gazeti la Marekani la Washington Post lilichapisha makala ya ripota wake Janet Cooke kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyekuwa mraibu wa heroini. Aprili 1981 akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Mtoto huyo hakuwepo duniani. Polisi walikuwa wamemtafuta wasimpate, na wahariri hawakushikilia kupewa jina lake kwa sababu ripota alisema amewaahidi usiri wahusika. Kilichomwangusha ni wasifu wake mwenyewe uliosambazwa pamoja na tuzo: ulitaja shahada asizokuwa nazo, na waliomfahamu zamani wakashtuka. Tuzo ikarudishwa.

Utadhani dawa ni kuajiri wahakiki wengi. Jarida la Der Spiegel la Ujerumani lilikuwa na idara ya uhakiki yenye makumi ya watu, ya kuonewa wivu na magazeti mengi, na bado mwaka 2018 iligundulika kwamba mwandishi wake aliyesheheni tuzo, Claas Relotius, alikuwa akibuni watu na matukio kwa miaka. Ilipita vipi? Wahakiki hukagua kinachokaguka: umbali kati ya miji, mwaka wa sheria, tahajia ya jina la meya. Alichodai kukiona peke yake, chumbani, na mtu mmoja asiye na simu, hakuna kumbukumbu ya kukilinganisha nacho. Aliyemnasa ni mwandishi mwenzake, Juan Moreno, aliyefanya naye kazi kwenye makala moja, akatilia shaka, kisha akawafuata wahusika mwenyewe. Hapa pana fundisho kwako msomaji. Makala ikiwa tamu kupita kiasi, kila mhusika anasema sentensi iliyonyooka kama ya mchezo wa kuigiza, na hakuna hata mmoja unayeweza kumtafuta ukampata, punguza imani hata kama chombo ni kikubwa.

Mpaka hapa nimezungumzia yanayopita yasiyostahili. Uliuliza pia kuhusu kufumbwa macho, na hilo ni gumu zaidi kulitambua kwa kuwa habari iliyozuiwa haiachi alama. Isitoshe, kuzuia halisi ni nadra kuliko kupanga. Mhariri hahitaji kuitupa habari. Anaweza kuiweka ukurasa wa kumi na nne. Tarehe 26 Mei 2004 New York Times lilichapisha tamko la wahariri likijikosoa kwa habari zake za kabla na mwanzoni mwa vita vya Iraq. Mojawapo ya mambo liliyokiri ni hili: madai mazito kuhusu silaha yalikuwa yakipewa nafasi ya juu, na habari za baadaye zilizoyatilia shaka zikazikwa ndani, au hazikuandikwa kabisa. Ukisoma kila habari moja moja usingeona kosa. Kosa lilikuwa kwenye mizani.

Kwa mmiliki na mtangaza biashara mambo ni hayohayo. Simu ya kusema "usiandike" huhitajika mara moja au mbili tu. Baada ya hapo waandishi hujifunza wenyewe ni kampuni gani haiguswi, na hakuna amri unayoweza kuonyesha kama ushahidi.

Basi utampimaje? Wengi hujibu swali hili kwa hisia, na hisia zenyewe zimeshuka. Gallup, kampuni ya kura za maoni inayowauliza Wamarekani kwa miaka mingi, ilipata mwaka 1976 asilimia 72 wakisema wana imani kubwa au ya kutosha na vyombo vya habari. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 31. Namba hizo hutumiwa kulia au kushangilia, kutegemea upande. Mimi naona zina upungufu mmoja: zinauliza imani kwa "vyombo vya habari" vyote kwa mkupuo, kama vile kuuliza una imani na "madaktari" bila kumtaja anayekutibu. Imani yenye manufaa hutolewa kwa chombo kimoja, kwa aina moja ya habari, baada ya kukaguliwa. Gazeti linaweza kuwa makini kwenye uchumi na ovyo kwenye afya.

Tenga jioni moja. Chukua habari kumi za chombo kimoja, usichague zilizokukera, chukua kumi zilizofuatana. Kwa kila moja soma kichwa cha habari, kisha tafuta sentensi ndani inayokibeba. Kichwa mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, dakika za mwisho, na ndipo habari nyingi halali huharibikia. Kikiisha kwa alama ya kuuliza, ujue chumba cha habari hakikuwa na jibu. Halafu pigia mstari kila dai zito na uandike pembeni limetoka kwa nani: mtu mwenye jina, waraka, mtu aliyefichwa lakini ameelezwa, au "inasemekana". Kwenye habari zenye mtuhumiwa, tafuta jibu lake. "Hakupatikana" peke yake haitoshi. Chombo makini husema alitafutwa kwa simu au barua, lini, na alipewa muda gani. Mtu aliyepigiwa mara moja saa mbili usiku kwa habari iliyoandaliwa mwezi mzima hakupewa nafasi, amefanyiwa maigizo.

Habari moja au mbili mbaya kati ya kumi si ajabu. Tano ni tabia.

Kisha linganisha na chombo kingine chenye mmiliki tofauti kwa wiki moja, ukiangalia kitu kimoja tu: wenzake wameandika nini ambacho huyu hajagusa? Anza na kampuni inayotangaza zaidi kwenye kurasa zake. Na ukibahatika kusoma habari ya jambo unalolijua kwa macho yako, mkutano uliokuwepo au taaluma yako, itumie kama kipimo, maana huko ndiko huwezi kudanganywa.

Ila ningekuwa na dakika kumi tu, ningekwenda moja kwa moja kwenye masahihisho. Chombo kisichosahihisha kamwe hakijafikia ukamilifu. Kimeamua kukaa kimya. Tazama pia namna kinavyosahihisha. Hili halina thamani: "Kulikuwa na makosa katika habari yetu ya jana. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Makosa gani? Usumbufu kwa nani? Hili ndilo lenye thamani: "Habari yetu ya Jumanne ilisema wanafunzi saba wamefariki. Waliofariki ni watano. Idadi ya awali ilitolewa na mwalimu na hatukuithibitisha hospitali." Limetaja kosa, limetaja ukweli, limesema lango lilifunguka wapi. Angalia pia kama limewekwa kwenye habari ileile, maana anayeifikia mwezi ujao hatapita ukurasa wa masahihisho. Kubadilisha maneno kimyakimya baada ya kuchapisha, bila alama wala saa, ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu inamfanya msomaji aliyeona kosa aonekane mwongo.

Ukiona kosa, andika. Usimwandikie ripota matusi kwenye maoni, mwandikie mhariri. Taja kichwa cha habari na tarehe, nakili sentensi moja yenye kosa kama ilivyo, andika iliyo sahihi, ambatisha ushahidi, na uombe jambo moja: isahihishwe. Mistari kumi inatosha. Vyombo vichache vina mtu maalumu wa kupokea malalamiko ya wasomaji. New York Times lilianzisha nafasi ya namna hiyo mwaka 2003 baada ya kugundua uzushi wa ripota wake Jayson Blair, kisha likaifuta mwaka 2017. Pasipokuwa na mtu huyo, barua iende kwa mhariri mkuu. Subiri wiki mbili. Wakikujibu kwamba wamekagua na wanashikilia walichoandika, wakakueleza kwa nini, hilo nalo ni jibu la heshima, hata kama hujakubali. Wakisahihisha bila kukujibu, hesabu nusu. Wakikaa kimya na sentensi ikabaki, au ikabadilika usiku bila alama, umeshapata jibu la swali lako kuhusu chombo hicho.